Joto la Korongoni: Maswali na Majibu kwa Mtembezi wa Grand Canyon

Kwa nini hata watu wenye afya njema huzidiwa na joto katika hifadhi hii?

Kwa sababu safari ya korongoni huanza na sehemu yake nyepesi. Anayepanda mlima akichoka hugeuka na kuteremka, lakini anayeshuka korongoni husaidiwa na mteremko na ubaridi wa asubuhi, mpaka anapogeuka na kukuta kwamba kazi yenyewe bado iko mbele yake. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mto Colorado unapita zaidi ya mita 1,300 chini yake. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, na wakati wa kiangazi huko chini hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Ndiyo maana wasimamizi wa hifadhi huwasihi wageni wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku hiyohiyo, na wasitembee ndani ya korongo kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri katika majira hayo.

Je, kunywa maji mengi hakutoshi?

Hakutoshi, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo lisiloelezwa vya kutosha. Jasho huondoa maji pamoja na chumvi. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, ndani ya damu, na seli za ubongo zikaanza kuvimba. Kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa vinavyofuata hufanana mno na dalili za kuzidiwa na joto, hivyo mwenzake anayemhimiza azidi kunywa humwongezea madhara. Kunywa unapohisi kiu, na ule vyakula vyenye chumvi kila unapopumzika. Mwenye shinikizo la damu, au ugonjwa wa moyo au wa figo, amwone daktari wake kwanza. Njia ya South Kaibab, mojawapo ya zile zinazoshuka kutoka ukingo wa kusini hadi mtoni, haina maji popote, kwa hiyo mtembezi huyabeba yote.

Ni dalili zipi zinazohitaji hatua ya haraka?

Kuchanganyikiwa, kuyumba, degedege au kuzimia, kwa kuwa huenda ni kiharusi cha joto, yaani mwili umeshindwa kabisa kujipoza, hata kama mgonjwa bado anatoka jasho. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea mfululizo, huku mwingine akitafuta msaada, maana simu mara nyingi hazipati mtandao humo. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote.

Naweza kujitosa mtoni ili nipoe?

Hapana. Maji ya Colorado hutoka kwenye kina cha bwawa la Glen Canyon yakiwa ya baridi kali, na mkondo wake humchukua hata mwogeleaji hodari. Lowesha kofia na shati. Hewa kavu itafanya kazi iliyobaki.