Je, wajua kwa nini hifadhi ya data yenye nodi mbili (seva mbili zinazofanya kazi kama moja) hudai kebo kumi?

Tuseme ofisi ya chama cha ushirika cha korosho mjini Mtwara ina hifadhi ya pamoja yenye nodi mbili, na kompyuta 40 zimeunganishwa kwa gigabiti 1 kwa sekunde kila moja, ila ni nadra zote kusoma kwa kasi kamili kwa pamoja. Kwa kasi peke yake, kebo moja ya gigabiti 10 kwa kila nodi ingewatosha kabisa. Fundi anayedai kumi hakosei hesabu: kila nodi ina poti mbili za mtandao wa ndani wa klasta (yaani kundi la nodi), mbili za data na moja ya usimamizi.

Poti za ndani ndizo nodi hutumia kupeana taarifa kwamba bado ziko hai. Data nayo hupita humo, pale mtumiaji anapoingilia nodi ya kwanza na faili lake liko kwenye diski za nodi ya pili. Ukiuchanganya mtandao huu na wa watumiaji, nakala kubwa ya usiku inaweza kuubana hadi taarifa za uhai zichelewe, na nodi moja ikadhani mwenzake amekufa. Kwa nodi mbili hakuna wengi wa kuamua nani yuko hai, hivyo mifumo mingi huweka shahidi wa tatu wa kutoa kura ya uamuzi. Nodi zikiwa mbili tu, mifumo kadhaa huruhusu poti hizi ziunganishwe nodi kwa nodi bila swichi, na kebo kumi zinashuka hadi nane. Kama kuna mpango wa kuongeza nodi, tenga poti za swichi tangu sasa.

Penye makosa mengi ni poti za data. Kuchukua poti mbili za kadi moja ya mtandao ni kazi bure, maana kadi ikiungua zote mbili zimekwenda. Toa moja kwenye kadi ya 1 iende swichi A, nyingine kwenye kadi ya 2 iende swichi B, na nodi ya pili ifuate vivyo hivyo. Wapo wanaopeleka nodi ya kwanza yote swichi A na ya pili yote swichi B kwa sababu raki inapendeza. Swichi A ikizima, nodi nzima iliyo salama inatengwa na watumiaji. Swichi zenyewe zisitegemee UPS (betri ya akiba ya umeme) moja.

Ukizifunga poti hizo mbili kwa LACP (itifaki ya kuunganisha kebo kadhaa zifanye kazi kama moja), lazima swichi zijitambulishe kama moja, kwa staki au MLAG, ambazo ni njia za kuzifanya swichi mbili zionekane kama moja. Zikiwa zinajitegemea, upande mmoja hautafanya kazi. Na usitarajie kompyuta moja inakili faili moja kwa gigabiti 20. Kila mkondo wa data, kama wa kunakili faili moja, hubaki kwenye kebo moja. Faida huonekana watumiaji wakiwa wengi. Kila kebo isizidi nusu ya uwezo wake kwa kawaida, ili moja ikikatika iliyobaki ibebe mzigo wote.

Kwenye swichi, poti zinazoelekea kwenye hifadhi ziwekwe kuwa za ukingoni (edge, yaani zinazoishia kwenye kifaa, si swichi nyingine). Bila hivyo, spanning tree ya zamani, itifaki inayozuia mizunguko kati ya swichi, huisubirisha poti sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na programu za ofisini hukwama kila kebo inapochomekwa upya. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti, nayo ilingane njia nzima. Ukiweka 9000, ijaribu kwenye Linux kwa `ping -M do -s 8972`. Baiti 28 zilizobaki ni za vichwa vya IP na ICMP. Ping ndogo zikipita na hii ikagoma, huenda kuna swichi au kifaa kilichobaki na 1500.

Ndani ya raki moja kebo za shaba za DAC (zenye viunganishi vyake tayari ncha zote mbili) zinatosha na ni nafuu. Kati ya majengo tumia faiba. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo poti zisizotumika na ncha za faiba zibaki na vifuniko vyake. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, basi weka kebo na moduli (vipande vya kuchomekea faiba kwenye poti) za akiba ofisini, angalau moja ya kila aina.

Kabla minada haijaanza, nakili faili kubwa huku ukichomoa kebo ya data moja baada ya nyingine, ukisubiri kila moja irudi kwanza, kisha zima swichi A nzima. Kunakili kukisimama ulipochomoa kebo, kagua mpangilio wa poti za nodi hiyo. Kukisimama swichi ilipozimwa tu, fuata kebo kwa lebo za ncha zote mbili: mara nyingi zote mbili za nodi hiyo zimeishia swichi A.