Kabla ya Kumwita Mgonjwa "Mkorofi"

Mama mmoja aliletwa kliniki yetu ya afya ya akili na dada yake. Kwenye faili alilotoka nalo kituo kingine, neno moja lilikuwa limepigiwa mstari: mkorofi. Alikuwa amekataa kulala kitandani apimwe, na muuguzi alipomshika bega kutoka nyuma, akamsukuma. Mlango ulikuwa umefungwa. Ilichukua miezi mitatu ndipo akatuambia kwamba mumewe, kila alipotaka kumpiga, alianza kwa kufunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Neno lile bado linanikera. Mtu aliyepitia kipigo, ubakaji, ajali au vita hubaki na kiwewe mwilini, si kichwani tu. Harufu, sauti, au mkono wa ghafla ukimkumbusha hatari ile, moyo humwenda mbio na jasho humtoka, ama huganda na kushindwa hata kujibu. Haya humjia kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Hajaamua kuwa mbishi.

Ndiyo maana tunasisitiza huduma inayozingatia kiwewe, yaani kumhudumia kila mtu kwa namna isiyomwamshia hofu ile. Wengi, hata watumishi wenzangu, huichanganya na tiba ya kiwewe. Tiba ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa. Huduma hii inamhusu mlinzi wa getini, karani wa mapokezi na anayedeki wodi, na wala haihitaji kujua siri ya mgonjwa.

Chukulia glavu. Muuguzi hasubiri kujua nani ana maambukizi ndipo avae. Nasi tusisubiri kujua nani ana kiwewe. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wale leo ni watu wazima, wamo kwenye mabenchi yetu wakisubiri kuitwa, na hawana alama usoni.

Kwa hiyo kila mgonjwa, kabla hajaguswa, aelezwe: "Nataka kukupima presha. Hiki nitakufunga mkononi, kitabana kidogo. Nianze?" Kisha jibu lisubiriwe kwelikweli. Ugonjwa wake usitajwe kwa sauti koridoni. Na kumfunga kamba au kumfungia chumbani peke yake, jambo ambalo bado hutokea, kunaweza kuwa jeraha jipya juu ya lile alilokuja nalo.

Kinachoniumiza zaidi ni kumrudisharudisha mtu kwenye simulizi. Binti aliyebakwa husimulia polisi anapochukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, husimulia mapokezi huku foleni ikisikiliza, husimulia kwa daktari, kisha ustawi wa jamii. Vituo vya Mkono kwa Mkono viliwekwa katika baadhi ya hospitali ili huduma hizo zipatikane mahali pamoja. Uliza kama hospitali iliyo karibu nawe inacho.

Nawe unayekuja kutibiwa, huna deni la kueleza yote siku ya kwanza. Omba kuhudumiwa na mwanamke ukipenda, njoo na mtu unayemwamini, sema "naomba tupumzike kidogo", au omba mlango uachwe wazi.

Chumbani kwangu nilihamishia kiti cha mgonjwa karibu na mlango. Yule mama hukaa hapo. Siku hizi akiingia, mlango anaufunga mwenyewe.