Kobe wa maji nyumbani: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu mtoto na kuhusu kobe

Habari zenu jamani. Toka nimeanza kazi kwenye kliniki ya wanyama huku Marekani, mwaka wa sita sasa, ndugu na marafiki wakinipigia kuhusu kobe wa maji wanakua na maswali mawili, la mtoto na la kobe, na mi naona ni swali moja tu maana yale maji machafu yanayomuua kobe ndo hayohayo yanayompeleka mtoto hospitali. Kobe nnayemzungumzia ni yule wa kijani mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, asili yake bonde la mto Mississippi, ndo anauzwa kuliko wote.

Dada, tumenunua kobe wawili ufukweni, wadogo kama sarafu, wamekuja na kibakuli cha plastiki chenye kimnazi katikati. Muuzaji kasema hicho kinawatosha. Kweli?

Sio kweli. Na cha kwanza ujue ni kwamba huyo muuzaji hakutakiwa kukuuzia kabisa, sheria ya Marekani toka 1975 inakataza kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa watu wanaotaka wa kufuga tu. Sababu yake ni watoto. Kobe mdogo anaingia mdomoni, mtoto anambusu, anamlaza kwenye mto wake, na watoto walikua wanaumwa sana Salmonella, vile vijidudu vya kuharisha na homa, kabla ya hiyo sheria.

Hafu kimo. Huyo wa kama sarafu akiwa jike anafika sentimita 25 mpaka 30, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 20, 30 na zaidi, kwa iyo unaponunua kobe unanunua mnyama atakayekuwepo mwanao akioa. Kipimo tunachotumia ni galoni 10 za maji kwa kila inchi ya gamba, yaani kobe wa sentimita 10 tu anataka lita kama 150. Anataka filta kubwa (chukua iliyoandikwa inasafisha tangi mara mbili ya lako, kobe anachafua maji kushinda samaki), jiwe au jukwaa la kupanda akauke kabisa, na taa. Kibakuli kile toeni.

Kobe wetu ni mzima, anakula, anacheza, na tulipeleka choo chake kikapimwa hakina Salmonella. Si tuko salama?

Hapana mama. Salmonella kwa kobe sio ugonjwa, ni mkaazi wa tumbo lake, haimuumizi. Anaitoa kwenye choo siku moja, siku nyingine haitoi, kwa iyo kipimo kikisema hamna maana yake siku ile haikutoka. Na usimpe dawa za antibayotiki eti kumsafisha, haimalizi na unatengeneza vijidudu sugu.

Ishi naye kama vile anayo siku zote, basi. Ukimgusa yeye, maji yake, taa yake, jukwaa lake, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 20, na mtoto umsimamie mwenyewe wakati ananawa. Tangi na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, HAPA ndo watu wengi wanakosea, unaosha filta kwenye sinki asubuhi, mchana unaosha kachumbari hapohapo, jioni mtu anaharisha hata hajawahi kumshika kobe. Osha nje, na hayo maji yasimwagwe karibu na pa kuchota maji wala kwenye mboga za kula mbichi. Kobe asitembee jikoni wala mezani. Asibusiwe.

Nina mtoto wa miezi nane na mama mkwe wa miaka 72 hapa nyumbani. Tufanyeje?

Mtafutieni kobe nyumba nyingine. Najua linauma, najua mkubwa atalia, lakini ushauri wa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, ni kwamba kobe asikae nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mzee wa zaidi ya miaka 65, au mtu ambaye kinga yake imeshuka, mfano anayetibiwa saratani, na mi nakubaliana nao kabisa. Mwaka 2007 huko Florida kichanga cha wiki nne kilifariki kwa Salmonella ya aina iliyokutwa kwa kobe wa nyumbani, na kichanga wa wiki nne hashiki kobe, vijidudu vinamfuata kwenye mikono yetu sisi tunaombeba. Mjamzito naye anatakiwa kujihadhari vilevile.

Dalili nitazijuaje? Na je kobe anaweza kumpa mtoto taifodi?

Taifodi hapana. Kijidudu cha taifodi kinaishi kwa binadamu peke yake, cha kobe ni ndugu yake tu, ukoo mmoja ila tabia tofauti. Nimeona nilisemee hili kwa sababu sisi tukisikia homa na tumbo tunakimbilia malaria au taifodi, tunameza dawa zilizobaki kabatini, na daktari hajui kama kuna kobe nyumbani kwa sababu hamna aliyemwambia.

Dalili zinaanza kuanzia saa 6 mpaka siku 6 baada ya kuingiwa: kuharisha, homa, tumbo kusokota. Wengi wanapona wenyewe ndani ya siku 4 mpaka 7 kwa kunywa maji ya kutosha na ORS. Ila ukiona damu kwenye choo, homa imepita 38.9, kuharisha siku ya tatu imeisha bila nafuu, anatapika kila anachokunywa, au mtoto hakojoi, mdomo umekauka na analia bila machozi, nenda hospitali usisubiri. Kichanga akipata homa hata kidogo, nenda palepale. Na neno la kwanza kwa daktari liwe "nyumbani tuna kobe".

Wameandika ni kobe wa maji baridi, tunamwekea maji ya friji lakini amezubaa, hataki kula.

Mungu wangu. Maji baridi hapo maana yake ni maji yasiyo ya chumvi, ya mto na ziwa, kama tunavyosema samaki wa maji baridi. Sio ubaridi wa friji! Kobe hana joto lake mwenyewe, anachukua la nje, maji yakiwa baridi tumbo linasimama, chakula hakisagiki na kinga inashuka. Maji yawe nyuzi 24 mpaka 27 na pale pa kupanda kukauka pawe kama 30 mpaka 33. Nunua hita na kipimajoto. Msimrushe ghafla kwenye ya moto lakini, yapandishe taratibu ndani ya masaa. Akianza kutoa mapovu puani, kuhema mdomo wazi au kuogelea kalalia upande mmoja, hayo ni mapafu, na mapafu ya kobe hayatibiwi nyumbani, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

Gamba lake limekua laini na tangi liko dirishani linapata jua kutwa. Shida nini?

Shida ni kioo. Ile miale ya jua inayoitwa UVB anayohitaji kutengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, anapata mwanga na joto tu, na bila hiyo vitamini hata ale kalisiamu kiasi gani mwili hauichukui, mifupa na gamba vinalainika. Weka taa ya UVB masaa 10 mpaka 12 kwa siku, juu ya pale anapokauka, kusiwe na kioo wala plastiki katikati, na ubadilishe balbu kila baada ya miezi 6 mpaka 12 hata kama bado inawaka maana mwanga unabaki lakini UVB inaisha. Nyumbani Afrika Mashariki jua mnalo la bure, mtoe nje kwenye beseni pana lenye kivuli upande mmoja, nusu saa, na usimwache peke yake, kunguru na paka wapo. Gamba likishalainika lakini ni la daktari, taa peke yake haitoshi.

Anapenda ugali na nyama tu, nimwache?

Usimwache anti. Ugali, mkate, maziwa, chakula chenye chumvi, hapana. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo, inamlegeza mifupa taratibu. Mdogo mpe punje za chakula cha kobe kila siku kiasi cha ukubwa wa kichwa chake, akikua punje baada ya siku mbili tatu na majani kila siku. Mchicha mara mojamoja tu kwa sababu unazuia kalisiamu, sukuma wiki kidogo kwa kubadilisha, karoti iliyoparwa nzuri sana. Mwekee na ule mfupa mweupe wa dome, yule mnyama wa baharini jamii ya ngisi, wavuvi wa pwani wanaujua, autafune mwenyewe kwa ajili ya kalisiamu. Macho yakivimba yakafunga mara nyingi ni vitamini A imepungua au maji machafu, mpeleke akaangaliwe, usimtie matone ya binadamu.

Kaka yangu yuko Morogoro, ameokota kobe bwawani, afuge?

Amrudishe palepale alipomtoa, leo. Kule tuna kobe wetu wa maji, wengine gamba la chini linajifunga kama mlango, ni wanyamapori na Tanzania sheria ya 2009 inataka kibali. Kenya nao wana yao ya 2013. Na Salmonella wanaweza kubeba vilevile.

Mimi wangu nimemchoka, kuna ziwa karibu na apatimenti. Nimwachie huko?

Huyo usimwachie kabisa. Wa dukani ni tofauti na wa bwawani aliyerudishwa kwao, anaweza kwenda na magonjwa na akawapokonya wenyeji chakula na pa kuota jua, ndo maana yumo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira, ya viumbe wageni 100 waharibifu zaidi duniani na Ulaya ilizuia kumwingiza toka 1997. Piga simu kliniki ya wanyama iliyo karibu uulize nani anapokea kobe. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kupata mtu, wakati huo badilisha robo ya maji kila wiki, yale mapya yaache wazi siku nzima au tia dawa ya kutoa klorini, na unawe.