Bandi si ukuta wowote uliozunguka tangi

Bandi ni beseni la zege linalojengwa kuzunguka tangi la mafuta, ili likivuja au likipasuka, mafuta yabaki humo humo. Maana yake ni hiyo tu. Lakini hapa Nairobi, kiwanda kikibadilisha tangi la dizeli lililooza, mara nyingi hupangwa mistari michache ya mawe kulizunguka lile jipya, na kazi ikaitwa bandi. Inaniuma kila ninaposikia, kwa sababu mwenye kiwanda huondoka akiamini amekingwa.

Ukuta huzuia watu na magari. Bandi huzuia kitu kinachotiririka, kwa hiyo sakafu yake ina umuhimu uleule wa kuta. Jiwe la machimbo lina vinyweleo, na lisipopigwa plasta isiyopitisha mafuta, dizeli hulipenya polepole. Chini nako kuna udongo wetu mweusi, unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Sakafu nyembamba itapasuka nao huku kuta zikiwa wima. Kipimo kinachozoeleka ni asilimia 110 ya tangi: la lita 10,000 linahitaji bandi ya kubeba lita 11,000.

Halafu kuna lile tundu. Mvua ikinyesha, bandi hujaa maji, na fundi hutoboa tundu chini ili yatoke. Tundu hilo likikaa wazi, bandi hakuna tena. Maji hutolewa kwa pampu, au kwa vali inayofungwa muda wote na kufunguliwa tu baada ya mtu kuangalia kama juu ya maji pana utando wa mafuta. Katika Eneo la Viwanda mitaro huelekea Mto Ngong, na kandokando ya mto huo wanaishi watu. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja ilipita mtaroni hadi kijiji cha Sinai, ikawaka, na takriban watu 100 wakafa. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini njia ni ileile.

Tena bandi hulinda kilichomo ndani yake tu. Bomba kuukuu lililofukiwa kuelekea kwenye boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji unaochoma hiyo dizeli, halimo. Pampu ikiwa upande wa boila na inavuta, bomba likitoboka huingiza hewa, moto wa boila unayumba na watu wanashtuka. Pampu ikiwa upande wa tangi na inasukuma, au tangi likiwa juu na mafuta yakishuka yenyewe, dizeli hupotea ardhini kimyakimya huku boila ikiendelea kuwaka. Tangi jipya likiunganishwa na bomba la namna hiyo, bandi haina la kufanya.

Basi ndugu fundi, ukishajenga, ziba tundu, mwagia maji ndani hadi juu, yaache usiku kucha, kisha asubuhi upime yalipofikia. Kama hayajapungua, iite bandi. Kama yamepungua, mwambie mwenye kiwanda umemjengea ukuta.