Mguu ukifa ganzi, je, ni damu iliyokwama?

Umekaa sakafuni, mguu mmoja umeukunja na kuukalia, na mazungumzo yamenoga. Unapotaka kuinuka unakuta mguu haupo. Macho yanauona, mkono unaugusa, lakini wenyewe haujibu, kana kwamba umeshika mguu wa mtu mwingine. Baada ya dakika moja au mbili vinaanza visindano, maelfu kwa maelfu, na hapo huwezi kuukanyagia chini wala kuuacha ulivyo.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni hili: damu imekwama. Kwa miaka mingi hata mimi nilijibu hivyo hivyo, tena nikiusugua mguu kwa bidii ili damu irudi. Nadhani lugha yenyewe ilichangia. Kwa Kiswahili cha kila siku, mshipa ni mrija wa damu, mshipa ni uzi wa fahamu, na hata kano inayovutika shingoni huitwa mshipa. Mtu akisema “nimeukalia mshipa”, amesema kweli. Swali ni upi. Anayemsikiliza anafikiria damu, ilhali aliyekaliwa ni mshipa wa fahamu, yaani neva.

Kosa hilo unaweza kulipima mwenyewe. Siku nyingine mguu ukifa ganzi, kabla hujausugua, bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka upauke, kisha uachie. Mara nyingi rangi itarudi ndani ya sekunde mbili hivi, maana yake damu inafika mpaka nchani. Gusa na unyayo: mguu uliokosa damu kabisa hupauka na kupoa, ilhali mguu uliokufa ganzi mara nyingi una joto lake la kawaida. Ni kweli kwamba mtu aliyepiga magoti na kukalia visigino huwa ameikunja pia mishipa ya damu ya nyuma ya goti, na mtiririko unaweza kupungua. Lakini kupungua huko peke yake hakutoshi kueleza ganzi. Madaktari wa upasuaji huufunga mguu kwa mkanda wa kuzuia damu hata kwa saa moja na nusu au mbili, na ngozi na misuli hustahimili. Ganzi yako ilikuja mapema kuliko hapo.

Ushahidi ulionishawishi mimi, hata hivyo, ulitoka mkononi. Niliamka usiku mmoja nikiwa nimelalia kiwiko, kidole cha mwisho hakina hisia. Nilipopapasa kidole cha pete nilishtuka: upande unaotazama kidole cha mwisho ulikuwa umekufa, na upande unaotazama kidole cha kati ulikuwa mzima. Nusu ya kidole! Damu haigawanyiki namna hiyo. Kila kidole kina mishipa midogo ya damu pande zote mbili, nayo inaungana. Ila kuna neva inayopita nyuma ya kiwiko, ndani ya kifereji cha mfupa, karibu kabisa na ngozi. Neva hiyo inaitwa ulna, na kwa kawaida eneo lake kwenye vidole ni kidole cha mwisho pamoja na nusu ya kidole cha pete. Mpaka wa ganzi yangu ulikuwa mpaka wa neva.

Mguuni kuna mahali pa hatari kama hapo. Pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utagusa kichwa cha mfupa mwembamba unaoitwa fibula. Hapo neva moja inauzunguka mfupa ikiwa haina misuli ya kuikinga. Ukikunja nne kwa muda mrefu, goti la mguu wa chini linaibana, na ganzi inatokea juu ya wayo na upande wa nje wa muundi, hata kama unyayo una hisia zake zote.

Kwa ufupi, mpangilio wa mwili ni huu: ubongo na uti wa mgongo ni makao makuu, na kutoka hapo zinatoka jozi 12 za neva za kichwani na jozi 31 za uti wa mgongo, ambazo zinajigawa mpaka kwenye ngozi. Neva ni kifurushi cha nyuzi nyingi, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Ule unaotoka kiunoni mpaka kidole cha mguu hukaribia mita moja. Mengine tuyaache, kwa sababu kinachohitajika hapa ni kujua uzi huo unafanyaje kazi, na nani anaulisha.

Wengi tunauwaza uzi wa neva kama waya wa umeme. Ungekuwa waya, kuubonyeza kidogo kusingeudhuru: bonyeza waya wa taa uone kama taa itazimika. Uzi wa neva unafanana zaidi na mtumbwi unaovuja. Maji ya nje ni chumvi ya sodiamu, ambayo nje ya uzi ni nyingi karibu mara kumi kuliko ndani, na kila mara inajipenyeza. Ndani ya mtumbwi yupo mtu mwenye kata, anateka na kumwaga nje bila kupumzika. Kwenye uzi mtu huyo ni pampu ndogo zilizotapakaa ukutani, na kila moja kwa mzunguko mmoja inatoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza chembe 2 za potasiamu. Kazi hiyo ndiyo inayoweka tofauti ya umeme kati ya ndani na nje, kiasi cha volti 0.07. Ujumbe unapopita, vijilango vya ukutani hufunguka kidogo, sodiamu huingia kwa kasi, kisha vinajifunga, na kipande kinachofuata kinafanya vivyo hivyo. Ujumbe hautiririki kama umeme wa nyaya. Unazaliwa upya hatua kwa hatua, njia nzima.

Sasa mnyime chakula mwenye kata. Pampu zinahitaji nishati, na nishati inahitaji oksijeni. Neva nayo ina mishipa yake ya damu, myembamba mno, inayotambaa juu yake na ndani yake. Ukiikalia neva, hiyo ndiyo inayobanwa. Pampu zinalegea, maji yanapanda mtumbwini, tofauti ya umeme inapungua, na vile vijilango vinakwama katika hali ya kufungwa. Ujumbe kutoka kidoleni unapanda vizuri mpaka pale goti lilipobanwa, na pale unaishia. Kidole hakina tatizo lolote. Ni njia iliyokatika.

Kwa hiyo wale wa “damu imekwama” hawakukosea kabisa. Damu imekwama kweli, ila katika kipande kifupi cha neva, na njaa ni ya neva. Kuna la kuzingatia hapa: majaribio yaliyotufundisha haya yalifanywa zaidi kwa mkanda wa kubana mkono, si kwa mtu aliyekunja miguu sakafuni. Mkanda hubana pande zote na kusimamisha damu ya mkono mzima. Katika mkao wa kawaida ni vigumu kutenga mchango wa njaa ya neva na ule wa kubonyezwa kwenyewe, na huenda uwiano unabadilika kulingana na mkao.

Majaribio hayo yana mambo ya ajabu. Mwaka 1931 Thomas Lewis, daktari wa Uingereza, na wenzake walieleza kwamba mkono ukifungwa mkanda, ganzi huanza nchani mwa vidole na kupanda juu, na hisia ya kuguswa hupotea kabla ya hisia ya maumivu. Miaka miwili kabla, 1929, Herbert Gasser na Joseph Erlanger wa Marekani, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1944, walikuwa wamelinganisha neva iliyobanwa na neva iliyotiwa kokeini, ambayo ni dawa ya ganzi. Iliyobanwa ilipoteza kwanza nyuzi nene, zile zinazobeba mguso kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Iliyotiwa dawa kwa kawaida ilianza na nyuzi nyembamba, miongoni mwake zile za maumivu, ambazo baadhi hutembea mita moja tu kwa sekunde.

Tuna neno moja, ganzi, kwa mambo mawili yanayokwenda kinyume. Ukichomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, unahisi anasukuma na kuvuta, ila huumii. Mguu uliokaliwa hausikii unyoya ukipita juu yake, lakini ukiufinya kwa nguvu, uchungu usioeleweka unaweza kufika kwa kuchelewa. Nililijaribu hili mara kadhaa kwa mguu wangu, na kila mara linanistaajabisha.

Na visindano je? Hivyo ni dalili ya kupona. Shinikizo likiondoka, damu inarudi kwenye neva, pampu zinafanya kazi kwa pupa, na kwa muda ukuta wa uzi hautulii: unafyatua ujumbe bila kuagizwa. Ubongo unajua ujumbe umepita kwenye uzi upi, haujui umeanzia wapi. Uzi wa kidole ukifyatuka gotini, ubongo unasoma “kidole”. Ndiyo maana ukigonga kiwiko, umeme unausikia kwenye kidole cha mwisho.

Mtu akiibana neva kwa saa nyingi, kwa mfano akilala usingizi mzito mkono ukiwa umening’inia juu ya mgongo wa kiti, madhara hupita njaa. Mwaka 1972 José Ochoa na wenzake walionyesha kwa nyani waliofungwa mkanda mkali kwamba ala ya mafuta inayozifunika nyuzi nene ilisukumwa na kujikunja pembezoni mwa mkanda. Hapo kiganja hulegea, hakiinuki, na kupona huchukua wiki kadhaa au miezi, mpaka ala ijengwe upya.

Na kuna ganzi isiyotokana na kukalia kitu. Ya kisukari huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole, kwa sababu nyuzi ndefu ndizo zinazodhurika kwanza. Ya ukoma hutokana na kimelea alichokigundua Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, kinachoishi ndani ya neva zenyewe, hasa sehemu za mwili zenye ubaridi. Hizi haziishi kwa kunyoosha mguu, zinahitaji daktari. Na ganzi inayoshuka ghafla upande mmoja wa uso, mkono na mguu ni dalili ya kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo.

Ile ya kawaida haina haja ya kusuguliwa sana. Nyoosha mguu, ondoa uzito, ngoja. Ila usikimbilie kusimama, kwa sababu neva ile ya pembeni ya goti ndiyo pia inayoinua wayo, na mtu akikanyaga kabla haijaamka, kifundo kinapinda na anaanguka. Ukiwa bado umekaa, jaribu kuinua kidole gumba cha mguu kielekee usoni kwako. Kikiinuka, simama.