Ufafanuzi: Wapolandi hula nyama Krismasi

"Poland nyama ni marufuku Krismasi, ukila ni dhambi." Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila Desemba, ukiambatana na picha ya samaki mezani. Si sahihi.

Kisicho na nyama ni mlo mmoja tu: Wigilia, chakula cha jioni ya mkesha, tarehe 24. Nyota ya kwanza ikionekana, wanafamilia humegeana kaki nyembamba iitwayo opłatek, wakitakiana heri. Kisha huja supu nyekundu ya bitiruti, pierogi, yaani vifuko vya unga vya kuchemshwa, zilizojazwa kabichi na uyoga, na samaki. Kesho yake nyama imerudi: soseji, nyama ya kuoka, na bigos, yaani kabichi chachu iliyopikwa na nyama hadi ikalainika.

Hata kutokula nyama huo mkesha ni mila, si sheria. Soma Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1251: imetaja siku za Ijumaa na Jumatano ya Majivu, mkesha wa Krismasi haumo. Sheria ya zamani, ya 1917, ndiyo iliyoutaja, na mkanganyiko umebaki hapo. Tena picha zinazosambaa ni za mkesha, basi mtu hudhani sikukuu nzima iko hivyo.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiupeleke kwingine.