Kulinda moyo ni nini kwa mtu anayemtumaini Yesu

Siku hizi mtu akisema "nalinda moyo wangu," mara nyingi anamaanisha kwamba ameumizwa na hataki kuumizwa tena. Binti aliyeachwa na mchumba baada ya barua ya posa kujibiwa atasema hivyo. Mzee aliyedhulumiwa kiwanja na ndugu yake wa tumbo moja naye atasema hivyo hivyo. Maumivu yao ni ya kweli, wala hakuna haja ya kuwakemea. Lakini Biblia inapoagiza kulinda moyo haizungumzii kujifungia watu nje, na anayechanganya mambo haya mawili anaweza kuishi miaka mingi akidhani anatii Neno kumbe anakauka.

Andiko lenyewe ni Mithali 4:23: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima." Anayesema ni baba, anamwambia mwanawe. Mistari mitatu kabla ya hapo amemwambia atege sikio, asiyaache maneno ya hekima yaondoke machoni pake, ayahifadhi ndani ya moyo. Kwa hiyo kabla ya kuambiwa alinde, kijana ameshaambiwa ajaze. Moyo mtupu hata ukilindwa vizuri hauna faida kwa mtu.

Moyo unaotajwa hapo ni zaidi ya mahali pa mapenzi na huzuni. Katika Biblia mtu huwaza kwa moyo, hupanga kwa moyo, huamua kwa moyo. Danieli alipofikishwa Babeli na kuwekewa chakula cha mfalme, tunasoma kwamba "aliazimu moyoni mwake" kutojitia unajisi. Uamuzi ulifanyika huko ndani kwanza, halafu ndipo akaenda kuzungumza na mkuu wa matowashi kwa adabu. Mithali 16:9 inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake. Kwa hiyo ukiulizwa moyo wako uko wapi, jibu la kweli utalipata kwa kuangalia unawaza nini ukiwa peke yako, unapanga nini, na unapopata hela au nafasi unakimbilia wapi.

Tazama sasa sababu iliyotolewa: chemchemi za uzima hutoka humo. Wanaotoka vijijini wanajua chemchemi inavyotunzwa. Watu huizungushia miiba ng'ombe wasiingie kukanyaga tope, wanakataza kufulia juu yake, wanaondoa majani yaliyooza, lakini wanaacha njia ya maji kutoka ili kila mwenye ndoo achote. Hakuna kijiji kinacholinda chemchemi kwa kuimwagia zege. Anayekataa kumpenda mtu yeyote tena kwa sababu mmoja alimsaliti ameziba pale pale palipopaswa kutoka maji, na wanaokosa ni mume wake, watoto wake, jirani na kanisa.

Ulinzi huo unafanyikaje? Mithali inaendelea hapo hapo bila kuruka. Mstari wa 24 unataja kinywa, wa 25 macho, wa 26 na 27 miguu. Hii inanigusa kila mara, kwa sababu tunapenda kulifanya jambo la moyo kuwa la siri na la kiroho mno, lakini mzazi huyu anataja viungo tunavyovitumia tangu asubuhi. Unachokisema kwenye kikundi cha WhatsApp kuhusu mtu ambaye hayupo kinaurudia moyo wako. Unachokitazama kwenye simu saa sita usiku, shuka limefunika kichwa, kinaingia. Njia unayopita jioni ukijua nani anakaa pale inaingia. Mtu hawezi kuomba apewe moyo safi huku ameacha milango mitatu wazi.

Na bado milango pekee haitoshi. Sulemani, ambaye jina lake limeandikwa kichwani mwa Mithali, ndiye ushahidi unaouma zaidi. Kijana yule aliyeomba moyo wa adili ili awahukumu watu wa Mungu, na Bwana akapendezwa na ombi lake, ndiye huyo huyo tunayemsoma katika 1 Wafalme 11 akiwa na wake 700 na masuria 300, nao wakaugeuza moyo wake alipokuwa mzee. Torati ilikuwa imeonya waziwazi, katika Kumbukumbu la Torati 17:17, kwamba mfalme asijizidishie wake moyo wake usije ukakengeuka. Sulemani hakukosa maarifa. Hakuna aliyekuwa na mengi kumzidi. Kilichoharibika ni kumtegemea Mungu, na kiliharibika polepole, kwa ndoa za kisiasa ambazo bila shaka kila moja ilionekana ya busara siku ilipofungwa.

Yeremia anasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Yesu mwenyewe, katika Marko 7, anasema mawazo mabaya, uasherati, wizi, uuaji na mengine yote hutoka ndani ya mioyo ya watu. Hapo ndipo agizo la Mithali linapokuwa zito: ninaambiwa nikilinde kitu ambacho chenyewe kinaweza kuwafungulia wezi. Mlinzi na adui wanakaa nyumba moja. Ndiyo maana mafundisho ya kulinda moyo yanayoishia kwenye kanuni za kujizuia (usiangalie hiki, usiende kule) huwachosha vijana wetu na mwisho wake ni unafiki au kukata tamaa. Kanuni zina nafasi yake. Haziwezi kuumba moyo mpya. Daudi baada ya anguko lake hakusema "nitajitahidi," alisema "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Ezekieli aliahidiwa hivyo hivyo: Mungu atatoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama.

Kumtumaini Yesu, basi, ndio ulinzi wenyewe unavyofanya kazi. Isaya 26:3 inaziweka pande mbili pamoja: "Utamlinda yeye ambaye moyo wake umekutegemea katika amani kamilifu, kwa kuwa anakutumaini." Anayelinda ni Mungu. Anayetegemea ni mtu. Paulo anasema vivyo hivyo kwa Wafilipi, na anasema akiwa mfungwa mwenye askari wanaomlinda, katika barua ambayo mistari michache tu kabla amewasihi wanawake wawili wa kanisa hilo, Euodia na Sintike, wapatane. Kanisa lina ugomvi, mtume yuko kifungoni, na ndipo anapoandika: msijisumbue kwa neno lolote, bali kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru haja zenu zijulikane na Mungu, na amani ya Mungu ipitayo akili zote itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu.

Tulishushe hili hadi nyumbani. Chukua mama aliyeweka akiba yake ya mwaka mzima kwenye kikoba. Siku ya kuvunja, mweka hazina hapatikani, simu imezimwa. Mama huyu anaamka saa tisa usiku. Kichwani anatunga maneno atakayomwambia, anayatunga upya, kila mara makali zaidi. Anakumbuka alivyomkaribisha chai. Anawaza ada ya mtoto, anamkasirikia mume aliyemwonya, kisha anajichukia. Hapo ndipo moyo unapolindwa au unapopotea, kwenye giza lile, kabla hajakutana na mtu yeyote.

Kumtumaini Yesu saa ile si kujilazimisha kusema "niko sawa." Ni kukaa kitandani na kumtajia Bwana jambo lenyewe kwa jina lake: kiasi cha pesa, jina la aliyechukua, tarehe ya ada, na hasira kama ilivyo. Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo. Kisha kushukuru kwa jambo moja la kweli, hata kama ni kwamba watoto wamelala wakiwa wameshiba. Kisha kumwachia Yesu kisasi. Kesho yake asubuhi aende kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi polisi, pamoja na wanakikundi wenzake na daftari lao. Imani haimkatazi kudai haki yake. Inamkataza kuiacha chuki imlee. Na usiku wa kesho akiamka tena na yale maneno yamerudi, anarudia, kwa sababu mambo kama hayo hayaishi kwa sala moja, na anayemwambia mama huyo kwamba kurudia ni upungufu wa imani anamwongezea mzigo.

Paulo alipokaribia mwisho wake alimwandikia Timotheo kwamba anamjua yeye aliyemwamini, na amesadiki kwamba aweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake hata siku ile. Mama wa kikoba anaweza kulisoma andiko hilo kwa uchungu na kwa faraja kwa wakati mmoja. Anajua amana ni nini.

Lazima niseme jambo jingine, kwa sababu linatusumbua sana huku kwetu. Wengi wamefundishwa kwamba kulinda moyo ni kupata kinga: mafuta haya mlangoni, maji yale chumbani, sala fulani ya kuwarudishia maadui mishale yao. Mtu anatoka ibadani akiwa na hofu zaidi ya alivyoingia, anamshuku mama mkwe, anamshuku jirani aliyemletea maembe. Sikatai kwamba Wakristo wana adui. Biblia inasema wanaye. Lakini moyo unaolala ukihesabu wachawi haujalindwa, umetekwa. Yesu akigeuzwa kuwa hirizi, hapo hatumainiwi tena, anatumiwa. Kumtumaini ni kumwamini yeye mwenyewe, tabia yake na ahadi zake, hata siku ambayo kitu tulichomwomba hakikuja.

Kuna kisa cha Uganda ambacho Wakristo wa eneo letu wangefaa kukijua vizuri. Tarehe 16 Februari 1977, Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, siku chache tu baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji nchini. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliambiwa kwamba yeye ndiye anayefuata. Siku chache baada ya mauaji hayo, usiku, yeye na mkewe Mera walipanda milima kwa miguu hadi wakavuka kuingia Rwanda.

Maisha yao yakaokoka. Moyo wa Kivengere ndio uliokuwa hatarini sasa. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi uchungu dhidi ya Amin ulivyokuwa ukimkaza, na jinsi Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," yalivyomkabili. Aliona kwamba Yesu hakumwacha Amin nje ya maneno hayo. Akamsamehe, akatangaza hadharani kwamba anampenda. Wengine walikereka, na naelewa kwa nini. Lakini hakunyamaza juu ya mauaji. Aliendelea kuyasema kila alikoalikwa, na utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979 alirudi kwa watu wake.

Kivengere alilelewa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, kwenye miaka ya 1930 na kufika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Ukiwa na kinyongo na ndugu yako, humalizi wiki. Unakwenda kwake, unataja dhambi yako wewe, si yake, mnasali, mnaimba Tukutendereza Yesu, wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Nadhani tumeipoteza kwa hasara kubwa. Nyumba nyingi za ibada zina maombi ya usiku kucha na hazina mahali ambapo mtu anaweza kusema, "Ndugu yangu, nimekuwa nikikuonea wivu." Waraka kwa Waebrania unaonya juu ya shina la uchungu ambalo likichipuka huwatia wengi unajisi. Shina huchipuka vizuri zaidi mahali ambapo hakuna anayeuliza.

Kuna wanaouliza: na yule ambaye ameshashindwa kuulinda? Aliyeapa mbele ya kanisa na akaanguka, aliyemkana Bwana kazini ili asipoteze cheo?

Msome Petro usiku ule wa karamu. Yesu anamwambia kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Petro anajibu kwa kuutegemea moyo wake: yuko tayari kwenda naye gerezani au hata kifoni. Gethsemane anaambiwa akeshe na aombe, naye akalala. Kabla ya jogoo kuwika amekana mara tatu. Katika Injili ya Yohana, maneno ya Yesu yanayomtabiria Petro kuanguka huko ndiyo yanayofunga sura ya 13, na maneno yanayofuata moja kwa moja, mwanzo wa sura ya 14, ni haya: "Msifadhaike mioyoni mwenu, mnamwamini Mungu, niaminini na mimi." Petro alikuwa mezani akiyasikia. Aliambiwa ataanguka, akaambiwa asifadhaike, na aliyekuwa akimwambia yote mawili alikuwa ameshamwombea.